Ndiyo Niliyoisema Mbele ya Komite

Misa ya kumwombea marehemu Padri Crispin ilisomwa hapa Kolwezi Jumanne alasiri, na kanisa halikujaa. Alikuwa ameishi miaka mingi upande wa Dilolo, karibu na mpaka wa Angola, na huko ndiko alikozikwa. Hapa mjini waliomkumbuka ni wazee wachache na sisi tuliokuwa vijana wakati wake. Nilikaa benchi la katikati, peke yangu. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili wa rika langu. Mmoja alimuuliza mwenzake marehemu alikuwa nani, na mwenzake akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, ambacho humwita padri mompere na kusema njo badala ya ndiye, kwa sauti ambayo hakujisumbua kuishusha: "Njo ule mompere wa kitabu. Alipatiaka mutoto mwanamuke mumoja kitabu ya mazambi, bakamufukuza." Mwenzake akaguna. "Na ule mutoto mwanamuke?" "Nani anayua? Pengine aliharibika." Niligeuka nikawatazama. Walinisalimu kwa heshima, "Jambo, mama," wakanisogezea kitabu cha nyimbo wakidhani nimekosa changu.

Yule mtoto mwanamke ni mimi. Sijui kama niliharibika. Nimefundisha Kifaransa na fasihi miaka zaidi ya thelathini, na kila mwaka mwanafunzi mmoja hunisubiri mlangoni wenzake wakishatoka, aniulize kama ni dhambi kusoma kitabu cha mtu anayetenda dhambi. Nimewajibu kwa namna nyingi, na hakuna jibu hata moja lililonitosha. Lakini jambo moja nalijua bila shaka. Padri Crispin hakunipa kitabu chochote. Nilikichukua mwenyewe, kwa mkono wangu, mezani pake. Nilikwisha kulisema hilo hadharani, mbele ya watu wale wale waliokuwa wameusikia uongo, na bado Jumanne hii, kwenye benchi la nyuma yangu, uongo wangu ulikuwa mzima na afya yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipishana na malori ya madini na vijana wachimbaji waliojaa vumbi hadi kwenye kope, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeanza kuandika kurasa hizi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kupiga mashine ya kuandika katika ofisi ya parokia, chumba chembamba chenye madirisha mawili: moja lilitazama nyumba za wafanyakazi wa mgodi, lingine lilitazama bustani ya nyanya ya mpishi. Mlango wa ndani uliingia moja kwa moja kwenye chumba cha kulia cha mapadri, nao haukufungika vizuri tangu mvua ilipoutanua. Asubuhi niliandika vyeti vya ubatizo na matangazo ya ndoa. Adhuhuri ving'ora vya mgodi vilipolia, mapadri walikaa mezani, na mimi nilikula ndizi yangu upande wa pili wa mlango, nikisikia kila neno. Nilikuwa mchumba wa Donatien, karani wa mgodi na mwalimu wa kwaya, kijana mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na arusi yetu ilipangwa iwe baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata. Kila mtu aliniambia nina bahati. Nami nilikubali, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu sikuwa nimewahi kufikiri kuwa mtu anaweza kupenda na kuwashwa na nyayo zinazotaka kwenda kwa wakati mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka Padri Crispin alinijia na rundo la karatasi zilizoandikwa kwa kalamu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye tabia ya kusahau vikombe vya kahawa kila mahali. Alikuwa akiandika tasnifu kwa ajili ya chuo kimoja cha kikatoliki, na aliniomba niipige mashine kila alipomaliza sehemu. "Usiogope kichwa ya habari," aliniambia. "Ni kazi ya shule." Kichwa chenyewe kiliuliza kama riwaya ya kashfa inaweza kumfundisha Mkristo maadili. Riwaya aliyoichunguza ilikuwa ya Kifaransa, ya zamani, iliyokwisha kupoteza jalada lake. Ilimhusu mke wa daktari katika mji mdogo. Mtoto wake aliugua, mama akasali siku tisa, na siku ya tisa mtoto akafa. Mwanamke huyo hakulia. Aliamua kuzivunja amri za Mungu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake, kuanzia ya kwanza, ili amlazimishe Mungu aseme naye, hata kama ni kwa kumpiga.

Niliyapiga mashine maneno hayo kwa vidole vinne, na moyo wangu ukaenda mbio kuliko vidole. Padri Crispin aliandika kuwa anayemtukana Mungu bado anazungumza naye, na kwamba asiyeamini kitu hana anachoweza kuvunja. Aliandika kuwa mpaka wa kweli mtu huujua kwa mguu uliouvuka, wala si kwa ramani. Aliandika kuwa dini yetu wenyewe ina kashfa katikati yake, Mungu aliyetundikwa pamoja na wahalifu, na kwamba tumeizoea hadi tunaitundika ukutani juu ya redio. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo. Adhuhuri nilisikia mabishano yenyewe kupitia mlango. Padri mkuu wa parokia alikuwa mzee mwenye pumu, aliyekula bukari, ugali wetu, kwa uma. Padri Crispin alikula kwa mkono.

"Crispin," mzee alisema siku moja, "ule mwanamuke wa mu kitabu yako ni mugonjwa. Juu ya nini tumusikilize mugonjwa?"

"Eko anapiga ku mulango ya Mungu, mompere. Anapiga na mateke, kwa sababu na mikono alishapiga siku tisa."

"Na Mungu asipofungua?"

"Njo pale kitabu inaanzia."

Sauti ya uma kwenye sahani. Kisha mzee akasema polepole: "Mi naogopa mutu anapenda sana mateso ya mutu mu kitabu. Kisha kidogo atapenda ya kwake." Padri Crispin alicheka. Mimi, upande wa pili, niliona mzee hajaelewa. Leo sina uhakika huo. Nimelifikiria sana neno lake, na nikilisikia tena kichwani mwangu ninatamani ningekuwa nimelipiga mashine pia.

Shida ya kupiga mashine maelezo ya kitabu ni kwamba unapewa harufu ya chakula bila chakula. Tasnifu ilieleza sura ya nne, ikaeleza sura ya tano, na mimi nilitaka kumsikia yule mwanamke mwenyewe. Ijumaa moja ya mwezi wa saba mapadri wote wawili walikwenda vijijini kwa ubatizo. Niliingia chumba cha Padri Crispin kupeleka kurasa, kama kawaida. Kitabu kilikuwa juu ya meza, chini ya kikombe. Nilikiondoa kikombe, nikakifuta kitabu kwa kitenge changu, na kitenge hicho hicho kikakifunika. Sikujidanganya kuwa naazima. Nakumbuka nilitembea hadi nyumbani kwa shangazi yangu, nilikokuwa nikiishi, nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama, na jambo hilo lilinitisha kuliko wizi wenyewe.

Nilikisoma nyuma ya nyumba, alasiri, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba. Kilikuwa bora na kibaya kuliko tasnifu. Bora, kwa sababu yule mwanamke alikuwa na mikono, na mikono yake ilikuwa baridi, na alijua bei ya kila kitambaa katika mji wake. Kibaya, kwa sababu kila alipovunja amri hakuna kilichotokea. Watu walizidi kumwonea huruma. Alikufuru mbele ya kasisi, kasisi akamshika bega. Nilikuwa nimeanza sura ya sita, ile ya uzinzi, Donatien alipokuja kunichukua kwa mazoezi ya kwaya. Nilikwenda kuvaa viatu. Niliporudi kitabu kilikuwa mkononi mwake, na kwa kuwa wasomaji wote wa zamani walikuwa wamesimama mahali pamoja, karatasi zilikuwa zimejifungua zenyewe palepale pabaya.

"Hii inatoka wapi?" aliniuliza.

"Ku meza ya mompere."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuuliza zaidi. Alikipeleka kitabu kwa baba yake, Tata Gaston, ambaye alikuwa mwenyekiti wa komite ya parokia, na ndani ya siku mbili sentensi yangu fupi ilikuwa imejengewa nyumba yenye vyumba vingi.

Komite ilikutana Jumapili baada ya misa ya pili, katika ukumbi wa katekisimu, watu wazima kumi juu ya viti vya watoto. Magoti yao yalifika vifuani. Padri mkuu alikaa pembeni akihema. Padri Crispin alikaa dirishani. Alikuwepo pia Mama Philo, mkuu wa akina mama wa parokia, mwanamke mnene, mpole, aliyezaa watoto tisa na kuzika wanne, na ambaye hakujua kusoma Kifaransa. Donatien alisimama mlangoni. Tata Gaston aliweka kitabu mezani kwa vidole viwili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfanya aongee kama hakimu.

"Odette, mutoto yetu. Hakuna mutu atakufanyia mubaya hapa. Sema tu. Ni mompere njo alikupatia hii kitabu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema kweli. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani. Lakini nilimtazama Donatien, nikaona kuwa uso wake wote unanisihi nisiwe mimi. Nikisema kweli, mimi ndiye mwizi na mimi ndiye mwanamke anayesoma mambo yale kwa hiari yake. Nikisema uongo, mimi ni mtoto aliyedanganywa, na arusi ipo. Sikuwaza zaidi ya hapo.

"Ndiyo," nilisema.

Padri Crispin alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake. Nilidhani ni maumivu. Wakamuuliza kama ana la kujibu. "Kitabu ni yangu," alisema. Waliendelea kumngoja, naye hakuongeza neno.

Wiki mbili baadaye alihamishiwa misheni ya upande wa Dilolo, akafundishe watoto wa shule ya msingi. Tasnifu iliachwa kurasa karibu mia mbili bila mwisho. Nilitazama kupitia dirisha la nyanya alipopakia masanduku yake, vikombe vikigongana ndani ya kikapu. Hakuja kuniaga, na nilimshukuru.

Yaliyofuata sikuyategemea. Watu walinipenda. Akina mama waliniletea mayai na kuniwekea mikono kichwani kuniombea. Katekista alinitaja katika mafundisho, bila jina, kama mwana-kondoo. Sasa nilimwelewa mke wa daktari kuliko nilivyowahi kumwelewa juu ya ndoo: ukitenda ovu na watu wakakukumbatia, kumbatio hilo linabana. Sikuweza kukaa. Nilimaliza kazi saa tisa, nikatembea mtaa wa Manika wote, nikatembea hadi mtaa wa Dilala, nikafika ukingoni mwa shimo la mgodi, pale ardhi inapokatika na magari makubwa yanaonekana chini kama vichezeo, nikageuka, nikarudi. Shangazi alidhani ni wasiwasi wa arusi. Nililipiga mashine tangazo langu mwenyewe la ndoa, jina langu na la Donatien, mara tatu, kwa sababu nilikosea mara mbili jina langu.

Desturi yetu ilikuwa bibi arusi apelekwe kwa mama mmoja mwenye heshima apewe mafundisho ya ndoa. Nilipelekwa kwa Mama Philo, kila Alhamisi alasiri, jikoni kwake nyuma ya nyumba. Alhamisi ya kwanza alinionyesha namna ya kupika sombe, majani ya mihogo, isiwe chungu, akaniambia mambo mawili matatu kuhusu wanaume ambayo yalinifanya nicheke kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Alhamisi ya pili alinipa ungo wa karanga nimenye. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kitabu.

"Komite balinipatia nichome," alisema. "Nikawasha moto, nikakikamata. Halafu nikasema, mi sijue hii kitu iko inasema nini. Namna gani nitachoma mutu sijasikia analia juu ya nini?" Alikiweka juu ya karanga. "Unisomee mu Kiswahili."

"Mama, ni kitabu mubaya."

"Ulishasema ile mu komite. Sasa soma."

Basi badala ya mafundisho ya ndoa tulisoma. Mimi nilitafsiri, sentensi kwa sentensi, naye akamenya, na Kiswahili chetu cha Kolwezi kilimfanya mke wa daktari aongee kama jirani. Mama Philo hakushtuka mahali nilipotegemea. Sura ya sita aliipitia akitikisa kichwa tu: "Masikini, hata furaha hapati." Lakini kifo cha mtoto alinifanya nikirudie mara tatu, na mara ya tatu alisimama akaenda kusimama uani. Aliporudi alisema: "Mi pia nilimutukana. Wa tatu alipokufa. Nilimutukana Mungu siku mingi. Hakuna mutu alisikia, nilikuwa nafua nguo." Miaka yote niliyofundisha fasihi nimetafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi kitabu cha kashfa kinafaa nini, na nimewapa maneno makubwa ya Padri Crispin juu ya mpaka na mguu. Ningewaambia tu kuwa kilimwezesha mwanamke mmoja kusema sentensi hiyo kwa sauti, baada ya miaka kumi na nane.

Tulifika sura ya nane mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza na moshi wa jiko ukikataa kutoka. Amri ya nane ni kutoshuhudia uongo. Mke wa daktari anamshtaki mtunza bustani kuwa ameiba pete. Hana chuki naye. Ni zamu ya amri hiyo tu. Mtu huyo anafungwa. Mwandishi anampa mistari minne, kisha anarudi kwa mwanamke, ambaye anaketi kanisani akingoja radi. Katika tasnifu ya Padri Crispin mistari ile minne haikutajwa kabisa. Nilikuwa nimeipiga mashine sehemu hiyo mwenyewe: kurasa kumi na tisa juu ya ukimya wa Mungu.

Mama Philo aliacha kumenya. "Ngoja. Ule mwanaume wa bustani. Eko na bibi?"

Nilitazama ukurasa. "Kitabu haisemi, mama."

"Haisemi namna gani? Mutu anafungwa bule, na hakuna mutu anauliza ku nyumba yake banakula nini? Huyu mwanamuke anangoja Mungu amupige, anangoja, anangoja. Angeenda ku nyumba ya ule mutu. Angepigwa palepale."

Nilifungua mdomo nisome mstari uliofuata, na badala yake nikasema: "Mompere Crispin hakunipatia kitabu. Nilikikamata mi mwenyewe."

Mvua ilipiga mabati. Mama Philo alisogeza ungo pembeni. "Na mi nilikuwa pale," alisema. "Nilikuona unatetemeka. Nikafikiri unamuogopa yeye." Alifuta mikono yake kwenye kitenge, mkono mmoja, kisha mwingine. Hakunikemea wala hakunikumbatia. "Utaenda kusema. Nitaenda na weye. Lakini mi sitasema, utasema weye."

Nilisema Jumapili iliyofuata, katika ukumbi ule ule, mbele ya magoti yale yale. Mama Philo alikaa karibu nami, kimya kama alivyoahidi. Padri mkuu alifumba macho. Tata Gaston alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa huruma ya kweli: "Unaona, batu yangu, namna alimuharibu kichwa. Mupaka leo anamutetea." Wengine waliitikia. Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mawe, nikapewa mayai tena. Ndiyo sababu, nadhani, wanawake wa Jumanne wanaijua hadithi ya kwanza na hawaijui ya pili: ya kwanza ilikuwa na umbo ambalo watu walilitaka.

Aliyeniamini ni Donatien. Alinifuata hadi chini ya mnara wa kengele, karatasi za nota mkononi.

"Kumbe weye mwenyewe ulikikamata?"

"Mi mwenyewe."

"Na ulikuwa unasoma. Hakuna mutu alikulazimisha."

"Hakuna."

Alizipanga nota zake vizuri, kona kwa kona, akitazama kazi hiyo. "Ningeweza kuoa mutu bamemudanganya," alisema. Hakuimalizia sentensi. Wiki ile wazee wa pande zote mbili walikutana, na tangazo la ndoa likabanduliwa kwenye ubao. Nililibandua mimi, ilikuwa kazi yangu. Sikumlaumu, na sasa pia simlaumu. Aliniambia ukweli palepale, bila kuchelewa miezi minne.

Ilibaki kumwendea Padri Crispin. Nilipanda treni ya Dilolo katikati ya mwezi wa kumi na mbili, siku mbili za kukaa juu ya kikapu, vituo vyenye mihogo ya kuchemsha na watu wanaoshuka na kuku wao, askari wakiuliza karatasi. Njia nzima niliyapanga maneno ya kuomba msamaha. Nilimkuta katika shule ya misheni, chumba cha udongo chenye madawati sita, akiandika silabi ubaoni. Alikuwa amekonda. Aliwaachia watoto, akanikaribisha barazani, na mpishi akaleta bukari, sombe na samaki wa kukaushwa. Hakuna aliyekula. Nilimwambia yote kwa mfululizo: uoga wangu, Mama Philo, komite, Donatien. Nikamwomba msamaha.

Aliisukuma sahani yake kando. Kisha akasema: "Odette, ile siku ulisema ndiyo, nilifurahi."

Sikuelewa.

"Nilifurahi. Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa juu ya mutu asiye na kosa anabeba kosa. Halafu njo mi, pale ku dirisha. Nilijiona muzuri. Nilijua unadanganya, na nilijua juu ya nini. Ningesema tu, 'Odette, fikiri kabla ya kusema,' ungesema kweli palepale, nakuyua. Nilinyamaza. Bote banasema nilinyamaza juu ya kukulinda." Alitikisa kichwa. "Sikukufikiria hata kidogo. Sikuuliza utabaki na nini. Kwa hiyo usinilombe musamaha peke yako. Mi pia nakulomba."

Nilikuwa nimebeba magoti yangu siku mbili kuyaleta pale yapige chini, na sasa sikuwa na mahali pa kuyaweka. Kilichonipanda kilikuwa hasira ya moto, ya kifuani. Nilikuwa nimetembea Kolwezi nzima miezi minne. Nilikuwa nimepoteza ndoa. Nilidhani nimemsulubisha mtu, kumbe mtu huyo alikuwa akijitazama kwenye kioo. Nilimkumbuka padri mkuu, uma wake na neno lake juu ya mateso.

"Siwezi kukujibu leo, mompere," nilisema.

"Sawa."

"Sijui kama nitaweza."

"Sawa, Odette. Kula basi, safari ni murefu."

Nilikula. Nilikula sahani nzima mbele yake bila kuinua macho, na chakula kilikuwa kitamu, jambo lililozidi kunikasirisha. Kesho yake asubuhi nilipanda treni ya kurudi.

Treni ilisimama Kasaji, katikati ya njia. Wakasema ni injini, kisha wakasema ni kitu kingine. Jua lilikuwa kali, abiria wakashuka kutafuta kivuli. Nilikaa peke yangu kwenye behewa nikiendelea kugombana naye kichwani, na katikati ya ugomvi nikashtuka: nilikuwa nimetulia. Miguu yangu ilikuwa imetulia. Tangu mwezi wa saba nilikuwa nikijiogopa na kumngoja Mungu afanye kitu, na sasa nilikuwa na hasira tu na mtu mmoja mwenye chaki mikononi, aliyeniambia ukweli mbaya kuhusu nafsi yake bila mtu kumuuliza. Ni kitu kidogo, kinatosha katika kikapu. Nilijua pia kuwa nikifika Kolwezi nitamwandikia barua nzuri, nitaipiga mashine, nitaisahihisha, na itakuwa maridadi mno.

Nilishuka na mzigo wangu, nikamuuliza mkuu wa stesheni treni ya kwenda Dilolo inapita lini. Akanitazama kama mgonjwa. "Si njo unatoka kule? Ni kisha siku ine." Watawa wa Kasaji walinipa kitanda. Siku ya tano, saa sita mchana, Padri Crispin aliwafungulia watoto mlango wa darasa akanikuta nimesimama uani na kikapu kichwani.

"Mama weee," alisema. "Ulisahau nini?"

"Kukujibu," nilimwambia.